Kinyago kilitoka, Evey akabaki kitabuni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Filamu ya V for Vendetta nimeitazama mara nyingi tangu nikiwa sekondari, na picha ya kile kinyago cheupe kinachocheka nimeibandika ukutani chumbani kwangu hapa Muscat. Mwezi uliopita kaka yangu aliniletea kitabu chenyewe cha katuni. Nimefika pale V, yule mvaa kinyago, anapomfungia Evey, msichana aliyemwokoa mwenyewe, anamnyoa nywele na kumtesa huku akimfanya aamini kwamba ametekwa na serikali. Kwenye filamu nilipita hapo bila shida. Kwenye kitabu nimeshindwa, nimekifunga kwa hasira. Evey ni mtoto! Huyu ndiye shujaa ambaye dunia nzima wanamvaa usoni wakiandamana? Na nyinyi mnaofundisha katuni, mnakiheshimu kitabu hiki kwa lipi hasa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Una haki ya kukasirika, na nakuomba hasira hiyo usiimeze upesi. Waliokitunga kitabu, mwandishi Alan Moore na mchoraji David Lloyd, walitaka msomaji akwame pale pale ulipokwama wewe. Nimefundisha hadithi za picha kwa miaka mingi, na kila darasa jipya naliuliza swali moja: V ana haki? Waliotazama filamu peke yake hujibu papo hapo. Waliosoma kitabu huinamisha vichwa kwanza, wengine wakabishana hadi kengele inalia. Mimi nakiheshimu kitabu kwa sababu ya ubishi huo. Kinyago ni habari nyingine, nitaifikia.

Kabla ya yote, rudi ukurasa wa kwanza uangalie jambo ambalo wengi huliruka. Majina ya sura za kitabu hiki yamejengwa juu ya herufi V, na ile sura ya kwanza kabisa, ambamo V anajitokeza gizani na kumwokoa Evey mikononi mwa askari, imepewa jina ambalo vijana wa mabanda ya video kwetu wangelitafsiri kwa neno moja: "Adui". Huyu unayedhani ni steringi, waandishi wenyewe wamemwandika adui tangu mlangoni. Na unajua kanuni ya mabandani, kwamba steringi hafi. Huyu anakufa kabla hadithi haijaisha. Samahani kama nimekuwahi, lakini utaona kwamba kufa kwake hakuharibu chochote unapoendelea kusoma.

Sasa kilikotoka. Mwaka 1982 lilianzishwa Uingereza gazeti la katuni lililoitwa Warrior, la rangi nyeusi na nyeupe, chini ya mhariri Dez Skinn. Skinn alikuwa amefanya kazi katika tawi la Uingereza la kampuni ya Marvel, ambako Lloyd alichora mpambanaji mmoja wa miaka ya 1930 aliyeficha uso, Night Raven. Skinn alitaka kitu cha namna hiyo kwa gazeti lake jipya. Lloyd akasema mwandishi awe Moore, mtu wa Northampton. Wakaanza nao kupanga hadithi ya miaka ya 1930, lakini Lloyd alikuwa amechoka kutafuta picha za magari na majengo ya enzi hizo kila anaposhika kalamu. Ndipo wakaamua kwenda mbele badala ya kurudi nyuma, hadi Novemba 1997, miaka kumi na mitano mbele yao.

Lazima uijue Uingereza waliyokuwa wakiitazama dirishani. Margaret Thatcher alikuwa madarakani. Januari 1982 idadi ya watu wasio na kazi ilipita milioni 3. Chama cha National Front kilikuwa kimekwisha kuandamana mitaani kikitaka watu weusi na Waasia waondolewe nchini. Moore na Lloyd wakachukua hofu hiyo wakaifikisha mwisho wake: vita vya nyuklia vimepiga kwingineko duniani, Uingereza imenusurika lakini njaa na mafuriko vimeivunja, na kundi la mafashisti linaloitwa Norsefire limeichukua nchi. Weusi, Waasia, mashoga, wasagaji na watu wa mrengo wa kushoto wamepelekwa kambini. Serikali imejipanga kama mwili wa binadamu. Jicho linatazama kwa kamera, Sikio linanasa simu, Pua inapeleleza, Kidole kinakamata, Mdomo unatangaza. Kamera zimewekwa barabarani na chini yake kibao kinasema ni kwa usalama wako. Hiyo ilichorwa wakati kamera za barabarani zilikuwa chache mno Uingereza. Leo mtu wa London hazioni tena kwa kuzizoea.

Moore mwenyewe alikosea mahali, na alikiri. Alidhani Thatcher angeshindwa uchaguzi wa 1983, kumbe alishinda kwa kishindo. Na katika utangulizi aliouandika mwaka 1988 alisema alikuwa mjinga kudhani kwamba Uingereza ingehitaji vita vya nyuklia ndipo isogee kwenye ufashisti. Ukiusoma utangulizi huo utamkuta baba wa watoto wadogo aliyeingiwa na woga, anafikiria kuihama nchi yake.

Shujaa wao lakini hakuwa na sura. Walijaribu hili na lile, likakataa. Siku moja Lloyd akamwandikia Moore barua akipendekeza wamfufue Guy Fawkes. Huyu Fawkes alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 chini ya jengo la Bunge, akilinda mapipa 36 ya baruti. Yeye na Wakatoliki wenzake, wakiongozwa na Robert Catesby, walikuwa wamepanga kumlipua Mfalme James wa Kwanza pamoja na wabunge wake. Aliuawa Januari 1606, na kila tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha mioto na kuchoma sanamu lake. Watoto walikuwa wakitengeneza mtu wa matambara, wakamvika kinyago cha karatasi, wakapita naye mitaani kuomba senti kabla ya kumtupa motoni. Lloyd alitaka mtu huyo anayechomwa kila mwaka aachwe kuchomwa, ashangiliwe. Moore aliposoma barua aliona ndilo wazo bora kuliko yote aliyowahi kuyasikia maishani.

Kuna kijambo kidogo hapa ambacho nakipenda sana kama mchoraji. Lloyd alipotaka kinyago cha kuigiza ilikuwa kiangazi, na vinyago vile huuzwa msimu wa Novemba tu. Madukani hakukuwa na hata kimoja. Akachora kwa kukumbuka. Ule mdomo uliopinda kwa kicheko, yale mashavu yaliyoinuka, masharubu yaliyokunjwa juu na kindevu chembamba kama mstari wa kalamu, vyote vikatoka kichwani mwake. Uso ambao leo unatambulika Warsaw, New York na Manama ulichorwa hivyo kwa kuwa duka halikuwa na bidhaa.

Unaniuliza tunakiheshimu kwa lipi. Jibu la fundi ni hili. Lloyd aliweka masharti mawili kabla ya kuanza: hakutakuwa na milio iliyoandikwa, na hakutakuwa na viputo vya mawazo. Fungua katuni yoyote ya kwetu: mlango ukigongwa utasoma "Ngo! Ngo!", kofi likipigwa "Pwaa!", na mhusika akiwaza, kiputo chenye mapovu kinapanda kutoka kichwani kikitueleza anachowaza. Moore aliogopa kidogo, kisha akakubali. Matokeo yake, Bunge linapolipuka katika sura ya kwanza, ukurasa wenyewe uko kimya. Unaona mwanga, unaona Evey na V juu ya paa, unaona fataki zikiandika herufi V angani. Mlio unautoa wewe mwenyewe msomaji. Nimewapa wanafunzi zoezi la kuongeza "BUUM!" katika fremu ile kwa karatasi ya kubandika. Kila mara wanabandua wenyewe.

Sharti la pili lina uzito zaidi, na ndilo linalohusu swali lako. Bila kiputo cha mawazo, njia iliyobaki ya kuingia moyoni mwa mtu ni maneno yake mwenyewe. Angalia basi ni nani anafunguliwa moyo. Kiongozi wa mafashisti, Adam Susan, ana kurasa zake katika sura ya tano ya Kitabu cha Kwanza. Anapelekwa kazini kwa gari, na maneno yake yanatembea juu ya picha: anaamini katika nguvu na umoja, hapendwi na mtu, na anachokipenda yeye ni kompyuta ya serikali iitwayo Fate. Ni mtu wa kutisha, na bado unamwonea huruma, ukajishangaa. Katika sura hiyo hiyo V anasimama juu ya mahakama ya Old Bailey akiongea na sanamu la Haki, yule mama mwenye upanga na mizani. Anamlaumu kama mchumba aliyemsaliti kwa kulala na wenye sare, anamwambia amepata mwingine, jina lake Anarkia, yaani watu kuishi bila mtawala yeyote juu yao. Kisha anamwachia zawadi yenye umbo la moyo. Ni bomu.

Weka kurasa hizo kando kwa kando. Mmoja anapenda mashine, mwingine anagombana na jiwe. Wote wawili wanaongea na kitu kisichoweza kuwajibu. Ila ya Susan ni mawazo yake ya ndani, na ya V ni maigizo, anayasema kwa sauti kama yuko jukwaani. V anahutubia, anaimba, ananukuu maneno ya Shakespeare, lakini ndani yake hatufiki kamwe.

Na pale ambapo karibu tufike, Lloyd anatufungia mlango. Umekwisha kupita usiku wa Delia Surridge, yule daktari wa kambi ya Larkhill aliyewafanyia wafungwa majaribio ya dawa. V amekuja kumuua. Daktari anamwomba amwonyeshe uso. V anavua kinyago, lakini fremu imewekwa nyuma yake; sisi tunaona kisogo chake na uso wa mama yule tu, macho yakiwa wazi, akisema ni mzuri. Tayari amekwisha kuchomwa sindano usingizini, hana maumivu. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na bado sijui nimchukie nani. Mwuaji ana adabu, aliyeuawa alistahili kushtakiwa, na pale hakuna hakimu.

Tazama pia jinsi kinyago kinavyochorwa. Hakibadiliki hata unywele. Lloyd alichora kwa weusi na weupe bila kijivu katikati, na mara nyingi hakumzungushia mtu mstari. Aliacha mwanga na kivuli vimtengeneze. Kwa hiyo kicheko kile kile kikipigwa na mwanga kutoka juu kinaonekana cha huzuni, kikitoka gizani upande mmoja kinaonekana cha kejeli, V akiinamisha kichwa unadhani analia. Toleo ulilo nalo bila shaka lina rangi, kwa sababu kampuni ya DC ya Marekani ilipolichapa kwa matoleo 10, mwaka 1988 na 1989, liliongezwa rangi hafifu za maji maji. Si mbaya. Lakini ukipata kurasa za awali zilivyotoka Warrior, zitazame hizo.

Sasa twende kwenye chumba cha Evey.

Kwenye filamu ya 2006 Evey ni mwanamke mzima mwenye kazi kituo cha televisheni, na mwishowe V anampenda kama watu wapendanavyo kwenye sinema. Kwenye kitabu ana miaka 16, yatima, anafanya kazi kiwandani, na usiku tunapokutana naye amejaribu kujiuza kwa mara ya kwanza kwa sababu hana pesa. Ndiyo maana uliweza kupita kwenye filamu ukashindwa kwenye kitabu. Mtoto asiye na mtu amempata mlezi mmoja duniani, na mlezi huyo ndiye anayemfungia, anamnyima chakula, anazamisha kichwa chake majini na kumletea karatasi asaini maungamo ya uongo.

Humo ndani anapata barua. Imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya chooni, imefichwa kwenye tundu la ukuta. Mwandishi wake ni Valerie, mwigizaji aliyefungwa kwa sababu alimpenda mwanamke mwenzake. Anasimulia alivyozaliwa, alivyofukuzwa na wazazi, alivyokaa na mpenzi wake miaka mitatu akiletewa mawaridi Siku ya Wapendanao. Anasema wamemchukulia kila kitu isipokuwa inchi moja ya utu wake, na inchi hiyo hatowapa. Barua haikutungwa na V. Valerie alikuwa Larkhill, chumba jirani na kile chenye namba tano ya Kirumi ambayo ndiyo jina la V, na barua hiyo hiyo V aliipokea alipokuwa mfungwa. Kwa barua hiyo Evey anapata nguvu ya kukataa kusaini. Anaambiwa basi atapigwa risasi nyuma ya mabanda ya kemikali. Anajibu kwamba heri iwe hivyo. Mlango unafunguliwa. Anatoka, anakuta walinzi ni sanamu za kuvalishia nguo na sauti zao zimetoka kwenye kaseti.

V anamwambia hakumfunga, alimwonyesha tu nondo ambazo tayari zilikuwa zimemzunguka. Ni maneno mazuri. Mimi siyakubali. Kila mtesaji aliyepata kuishi amedai anamnufaisha anayemtesa, na hicho V alichomfanyia Evey ni kile kile Larkhill ilichomfanyia yeye, kidato kwa kidato, hadi barua. Wenzangu wengine wanasema Evey mwenyewe anamshukuru baadaye, na ni kweli anamshukuru, lakini shukrani ya aliyeumizwa haimtakasi aliyemuumiza. Moore alipohojiwa kuhusu hili miaka ya baadaye alieleza kwamba hakutaka kuwaambia watu wafikiri nini. Aliwapa mafashisti sura za watu wa kawaida, wengine hata wa kupendeka, na V akamwacha katikati ya haki na wazimu ili msomaji aamue. Wewe umeamua ulipokifunga kitabu. Hiyo haikufanyi msomaji dhaifu.

Kumbuka pia kwamba wasomaji wa kwanza walikwama hapo hapo karibu, lakini kwa sababu nyingine. Warrior lilikufa mapema 1985 baada ya matoleo 26, hadithi ikiwa haijaisha, na ikabidi wangoje hadi DC ilipoichukua.

Kinyago je? Kitabuni kinyago kinavaliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Raia wa London katika sura za mwisho wana nyuso zao wenyewe, zina njaa na hofu, wanavunja maduka. Lile bahari la watu waliovaa vinyago wakitembea kuelekea Bunge halimo kitabuni hata fremu moja. Liliongezwa na waliotengeneza filamu, mwongozaji James McTeigue na ndugu wawili Wachowski walioandika mswada wake. Moore aliichukia kazi hiyo kabla haijatoka, akataka jina lake liondolewe, na likaondolewa; ukitazama maandishi utakuta ametajwa Lloyd peke yake. Lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba mjadala wa ufashisti na anarkia ulikuwa umegeuzwa ugomvi wa Wamarekani wenyewe kwa wenyewe wa enzi za Bush. Lloyd kwa upande wake aliipenda. Kwa hiyo waandamanaji unaowaona wanavaa ile bahari ya watu ya filamu. Evey hayumo.

Tarehe 10 Februari 2008 kundi la mtandaoni la Anonymous liliingia mitaani kwa mara ya kwanza, miji mingi kwa siku moja, kuandamana dhidi ya Kanisa la Scientology, na kinyago kikawa kificho cha uso. Mwaka 2011 kikasambaa katika kambi za Occupy, waandamanaji waliopiga mahema mijini kupinga mabenki na makampuni makubwa. Januari 2012 wabunge wa upinzani Poland waliinua nakala zake za karatasi bungeni kupinga ACTA, mkataba wa kimataifa wa kulinda hakimiliki. Na jirani na wewe hapo Ghuba, Februari 2013, Bahrain ilipiga marufuku kukiingiza nchini, miaka miwili baada ya watu kujaa mzunguko wa Lulu mjini Manama. Saudi Arabia nayo ikafuata mwaka huo huo. Kiswahili kina neno barakoa, ambalo bibi zetu wa Unguja na wa Oman walilijua kwa stara ya uso kabla halijawa la kujikinga na maradhi. Kinachowatisha watawala kwenye kinyago cha Fawkes ni stara hiyo hiyo kugeuzwa: mtu anajificha ili aonekane.

Sidharau jambo hilo. Mtu aliye hatarini kukamatwa anahitaji kuficha uso, na kama mchoro wa Lloyd umemfaa, umefanya kazi ya heri. Lloyd alikwenda mwenyewe kuwatazama wa Occupy New York, na Moore akawatembelea wa London penye kanisa la Mtakatifu Paulo. Wote wawili waliguswa.

Ila pesa zinakwenda kwingine, na hili nalisema kwa uchungu. Haki za sura ile ziko mikononi mwa Warner, wenye kampuni ya DC na wenye filamu. Mwaka 2011 watengenezaji walisema wanauza zaidi ya vinyago 100,000 kwa mwaka, na kila kile halali kinacholipiwa dukani kinamletea Warner fungu lake, hata kama mnunuzi anakwenda kuandamana dhidi ya makampuni makubwa. Ilikuwaje? Moore na Lloyd walipoingia mkataba na DC kulikuwa na kifungu kilichoonekana cha ukarimu: kitabu kikikaa bila kuchapwa kwa muda fulani, haki zinarudi kwa watunzi. Siku hizo katuni ilichapwa, ikauzwa, ikasahaulika, kwa hiyo walidhani haki zingerudi baada ya mwaka au miwili. DC haijaacha kukichapa hadi leo. Watchmen, kitabu kingine cha Moore, kina kifungu cha namna hiyo na yamekikuta hayo hayo. Moore alivunja uhusiano na DC mwishoni mwa miaka ya 1980. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hawa wawili walichonga chao, na mwenye nacho ni mwingine.

Mimi nilimpoteza mhusika wangu nikiwa na miaka 23, kwa sahihi niliyoitia juu ya karatasi ambayo sikuisoma yote, katika gazeti ambalo sitalitaja. Aliendelea kuchorwa na mkono mwingine nami nikimwona kibandani kila wiki. Tangu hapo hakuna mwanafunzi wangu anayemaliza masomo kabla sijamkalisha na kisa cha kifungu kile. Huo nao ni urithi wa kitabu hiki, na kwa wachoraji nadhani ndio wenye faida kuliko wote.

Kwa waandishi waliofuata sina haja ya kurefusha. Mafanikio ya Moore yaliifanya DC iwatafute waandishi wengine kutoka Uingereza, na kutoka hapo ikazaliwa chapa ya Vertigo mwaka 1993, ambayo ilikichapa tena kitabu hiki pia. Watu wazima wakaanza kununua katuni katika maduka ya vitabu. Hayo utayapata popote.

Picha iliyo ukutani kwako usiibandue kwa ajili yangu. Fungua kitabu pale ulipofungia. Utamkuta Evey juu ya paa kwenye mvua, kisha utafika mahali V anamwambia kwamba anarkia ina nyuso mbili, ya mbomoaji na ya mjenzi, na kwamba wabomoaji kama yeye hawana nafasi katika nchi itakayofuata. Anajua alivyo. Akisha kufa, Evey anausogelea mwili kutaka kuvua kinyago. Anasogea, anawaza ni uso gani ataukuta, anarudi nyuma; anasogea tena. Kila mara Lloyd anachora sura nyingine ya mtu ambaye Evey amempoteza, na ya mwisho ni ya Evey mwenyewe alipokuwa mdogo. Hakivui. Anakwenda kuvaa chake.

Katika kurasa za mwisho kabisa kuna vurugu mtaani, na kijana mmoja wa serikali, Dominic, anaangushwa chini akapoteza fahamu. Evey, sasa ndani ya joho na kinyago, anambeba hadi maficho yale yale ambayo V alimpeleka yeye usiku wa kwanza. Dominic anafumbua macho. Anamkuta mtu mwenye uso unaocheka akimkaribisha. Evey amekwisha kusema kwamba yeye hataua. Kama atamfungia Dominic chumba chenye barua ukutani, kitabu hakisemi. Kinageuka kumfuata mpelelezi Finch akiondoka London kwa miguu, barabara kuu ikiwa tupu na giza mbele yake. Ukifika hapo niandikie unadhani atamfanya nini.